Lettow-Vorbeck: Jemedari aliyepita Gulwe akaacha chuma, si dhahabu

Na Mwandishi Wetu

MTU anayewasha kifaa kipya cha kutambua metali kando ya reli ya Gulwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, hasubiri sana kabla ya kusikia mlio wa kwanza. Stesheni hiyo ipo katika Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, na ardhi ya kando yake imekuwa ikipokea chuma kwa zaidi ya miaka 100: bolti, nati, vipande vya mataruma, vyuma vya mabehewa na mabaki ya madaraja. Mafuriko ya mto Kinyasungwe, yakiwamo yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyokata njia kati ya Kilosa na Gulwe, yamevifukia na kuvifukua vitu hivyo mara nyingi.

Hata hivyo, wanaonunua vifaa hivyo, ambavyo wachimbaji wadogo wa dhahabu huviita detekta, mara nyingi hawatafuti bolti. Katika mikoa mingi ya Tanzania ipo imani ya muda mrefu kwamba Wajerumani, walipokuwa wakiyakimbia majeshi ya Uingereza na Ubelgiji mwaka 1916, walifukia dhahabu na masanduku ya rupia chini ya maboma, makaburi, mibuyu na madaraja ya reli. Kwa imani hiyo watu wamechimba usiku, wamebomoa kuta za majengo ya kale, na wengine wamepoteza fedha zao kwa matapeli wanaojidai kuwa na ramani iliyotoka Ujerumani.

Aliyeongoza jeshi hilo lililokuwa likirudi nyuma ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Maisha yake katika miaka hiyo minne yameandikwa karibu mwezi kwa mwezi. Anayeyafuatilia kwa makini anaweza kufahamu, bila kuchimba shimo hata moja, ni metali gani jemedari huyo aliipitisha katika reli ya Gulwe na ni ipi hakuwa nayo.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870 katika mji wa Saarlouis, ambako baba yake, afisa wa jeshi na mtu wa ukoo wa kikabaila kutoka Pomerania, alikuwa kazini. Alilelewa kijeshi tangu utotoni. Alipelekwa katika shule za makadeti, akahitimu na kuwa afisa, na kwa miaka kadhaa maisha yake hayakuwa na jambo la kushangaza.

Alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati kifaa ambacho leo kinatumika kutafuta hazina zinazohusishwa na vita vyake kilipojaribiwa hadharani kwa mara ya kwanza huko Marekani. Julai 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi, na madaktari walishindwa kuipata risasi mwilini mwake. Alexander Graham Bell, mgunduzi wa simu, alitengeneza chombo cha umeme kilichotoa mlio kikikaribia metali, akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa. Jaribio lilishindwa. Inaelezwa kwamba kitanda cha Rais kilikuwa na springi za chuma, nazo zilivuruga mlio. Garfield alifariki Septemba mwaka huo.

Tatizo la kitanda kile halijaisha hadi leo. Koili ya kifaa hutuma mawimbi ya sumaku ardhini, metali iliyofukiwa hupata mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hurudisha ishara. Kifaa hakijui tamaa ya mwenye kukishika. Hulia kwa bolti kama kinavyolia kwa sarafu, na vifaa vya kawaida mara nyingi haviioni sarafu iliyo chini ya sentimita 20 au 30. Kando ya reli yenye mataruma ya chuma, mwenye kifaa yumo katika hali ile ile ya Bell.

Mwaka 1900 Lettow-Vorbeck alikwenda China na jeshi la Ujerumani lililoshiriki kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia, na huko akawa msaidizi wa Jenerali Lothar von Trotha.

Sehemu hiyo ya maisha yake haipaswi kupitwa haraka, ingawa vitabu vingi vya kumsifu huipita. Trotha ndiye aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mnamo Oktoba 1904, na maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama walikufa kwa risasi, kwa kiu jangwani na katika kambi za mateso. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck alikuwa katika ofisi ya mtu aliyetoa amri hiyo. Kutokana na mapigano na Wanama alipata mambo mawili: alijeruhiwa jicho la kushoto mwaka 1906 akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo, na alijifunza namna kikosi kidogo chenye kuijua nchi kinavyoweza kulisumbua jeshi kubwa.

Januari 1914 alifika Dar es Salaam akiwa Luteni Kanali, kuchukua ukamanda wa jeshi la koloni. Ndani ya meli iliyomleta alisafiri pia Karen Dinesen, msichana wa Kidenmaki aliyekuwa akielekea Mombasa kuolewa, ambaye baadaye aliandika vitabu kwa jina la Karen Blixen. Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa dogo: Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500, wengi wao wakiwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zilizotoa moshi mwingi kiasi cha kumfichua mpigaji.

Gavana wa koloni, Dk. Heinrich Schnee, hakutaka vita. Alitumaini kwamba mkataba wa kimataifa ungeyaacha makoloni nje ya ugomvi wa Ulaya. Lettow-Vorbeck aliona vingine. Alijua koloni lingetekwa mwishowe, lakini alidhamiria kuwalazimisha Waingereza walete Afrika askari, meli na fedha ambazo zingetumika dhidi ya Ujerumani huko Ufaransa. Watu hao wawili waligombana tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na walitembea pamoja kwa miaka minne wakiwa katika ugomvi huo.

Ushindi wake wa kwanza ulimpatia metali nyingi. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, nao wakashindwa na kikosi cha watu wapatao 1,000. Nyuki waliotibuliwa na risasi walishambulia pande zote mbili, na kwa sababu hiyo mapigano hayo yanakumbukwa kwa jina lao. Waingereza walipokimbilia melini waliacha pwani mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni. Makampuni kadhaa ya Lettow-Vorbeck yalitupa bunduki zao za moshi na kushika zile za Waingereza.

Tangu hapo aliishi hivyo hivyo. Koloni lilikuwa limezingirwa baharini, na kila kipande cha metali kilichohitajika vitani ilibidi kitekwe au kiokotwe. Aprili 1915 meli ya mizigo iliyojifanya ya Kidenmaki ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa na kuzama katika maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi waliifuata chini na kutoa silaha na risasi. Risasi hizo zilizolowa zilifunguliwa moja moja na baruti yake kuanikwa juani.

Julai 1915 manowari ya Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ilizamishwa na mabaharia wake baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 mikubwa ilitolewa kwenye matope, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuburutwa na wapagazi sehemu mbalimbali za koloni. Jemedari anayeanika baruti juani na kufukua mizinga matopeni si mtu aliyekuwa na mali ya ziada ya kufukia.

Fedha nazo zilikwisha. Rupia za koloni zilikuwa zikitengenezwa Ujerumani, na baada ya bahari kufungwa hazikuja tena. Serikali ya Gavana Schnee ilichapa noti za muda, na kufikia mwaka 1917 baadhi ya noti zilikuwa zikichapwa porini kwa mihuri ya mpira. Mjini Tabora, katika karakana ya reli, ulianzishwa mtambo mdogo wa kugonga sarafu. Huko mwaka 1916 zilitengenezwa zaidi ya sarafu milioni moja za heller 20 kwa shaba iliyokusanywa popote ilipopatikana, yakiwamo maganda ya risasi na ya mizinga. Sarafu hizo zina herufi T, yaani Tabora.

Hapo ndipo pia ilipotoka dhahabu ambayo ni mzizi wa ndoto zote za wachimbaji. Kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, karakana hiyo iligonga sarafu za rupia 15, sawa na mark 20 za Ujerumani wakati huo, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushei, na robo ya uzito huo haikuwa dhahabu bali metali nyingine iliyochanganywa. Zikiwekwa zote pamoja hazifiki kilo 117. Zingeenea katika masanduku machache ambayo watu wanne au watano wangeweza kuyabeba.

Tena sarafu hizo hazikufukiwa kwa pamoja mahali pamoja. Zilitengenezwa zitumike, na zilipita mikononi mwa watu. Nyingi zilitoka nchini mifukoni mwa raia wa Kijerumani na wanajeshi wa pande zote, na leo huonekana katika minada ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kuwapo kwake katika minada hiyo ni ushahidi wa mahali zilikokwenda.

Gulwe inaingia katika maisha ya Lettow-Vorbeck katika mwaka huo huo wa 1916. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mapema mwaka 1914, nayo ilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa ulinzi wote wa koloni. Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alivuka kutoka Kenya na jeshi kubwa na kuteka eneo la Kilimanjaro. Aprili 19 msaidizi wake, Jenerali Jacob van Deventer, aliteka Kondoa baada ya safari ya farasi katika mvua za masika. Reli ya Kati ikawa hatarini.

Lettow-Vorbeck aliondoka kaskazini kwa miguu na majeshi yake, akaipata reli upande wa Kilosa na kupanda treni kwenda Dodoma. Kwa kuwa njia ni hiyo moja, treni hizo zilipita Gulwe. Zilibeba askari, wapagazi, mizinga, risasi na mahindi. Kutoka Dodoma walitembea hadi Kondoa, na usiku wa Mei 9 alishambulia ngome za van Deventer. Alishindwa na kupoteza watu wengi. Majeshi mawili yalibaki yakitazamana kwa wiki nyingi, yakiugua na kula akiba ya chakula ya wananchi wa Irangi na Ugogo.

Mwishoni mwa Juni alirudi mashariki kwa reli ile ile ili kumkabili Smuts, akaacha kikosi kidogo nyuma. Van Deventer aliteka Dodoma Julai 29, akafuata reli kuelekea mashariki na kuingia Mpwapwa Agosti 12, Kilosa Agosti 22. Tabora ilichukuliwa na Wabelgiji wa Jenerali Charles Tombeur Septemba 19.

Tarehe hizo ni muhimu kwa mwenye kifaa cha kutambua metali. Dhahabu ya Tabora iligongwa mwaka huo huo, na baada ya Julai 29 hakuna treni iliyoweza kuitoa Tabora na kuifikisha Gulwe, kwa sababu Dodoma ilikuwa mikononi mwa adui. Kikosi cha Kijerumani kilichorudi nyuma kupitia Mpwapwa hakikutoka Tabora bali Kondoa, kwa miguu, kikifukuzwa na wapanda farasi. Jeshi la namna hiyo huacha nyuma kile kisichobebeka: maganda ya risasi, vyuma vya madaraja yaliyolipuliwa, magurudumu. Upande wa Morogoro, injini na mabehewa yalisukumwa yakaporomoka katika mabonde ili Waingereza wasiyapate.

Na si Wajerumani peke yao waliotupa chuma katika eneo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali, stesheni inayofuata Gulwe ukielekea Dodoma. Matrekta yaliletwa kwa mamia, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya Vita Kuu ya Pili. Ardhi ngumu na ukame viliushinda mradi huo, nao ukafungwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Reli ya Msagali iling'olewa baadaye. Baadhi ya milio inayowapa watu matumaini katika tambarare hiyo inatokana na karanga.

Kitu ambacho jeshi la Lettow-Vorbeck lilikichukua Ugogo kwa wingi kilikuwa ng'ombe. Maelfu waliswagwa kulisha askari, na ghala za mtama na uwele zilifunguliwa kwa nguvu. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi. Waingereza walipofika hawakulipa fidia, bali walichukua ng'ombe waliobaki na wapagazi wengine maelfu. Mvua zilipokosekana mwaka 1917 hapakuwa na mifugo ya kuuza wala mikono ya kulima.

Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Ilidumu hadi mwaka 1920, ikasindikizwa na homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 na 1919. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000 wa Ugogo, yaani mmoja katika kila watano. Wazazi waliwaacha watoto wao misheni au kuwapeleka kwa watu wenye chakula, na familia nzima zilihama zikaishia njiani. Katika vitabu vingi vinavyosimulia ushujaa wa jemedari huyo, Mtunya haipati hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, anayechimba Ugogo akitafuta kilichofukiwa mwaka 1916 na miaka iliyofuata ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukuta mifupa kuliko sarafu. Yapo pia makombora na risasi zisizolipuka, ambazo hazipotezi ukali kwa sababu tu zimekaa ardhini miaka 100. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo wachimbaji wengi hawajawahi kuisikia, inataka kibali kabla ya mtu kuchimba kutafuta mabaki ya kale.

Baada ya kupoteza reli, Lettow-Vorbeck alielekea kusini. Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, mkoa wa Lindi wa leo, katika mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo Afrika Mashariki. Aliwazuia Waingereza, lakini alipoteza watu na risasi ambazo hakuweza kuzirudisha. Novemba 25 mwaka huo alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akaacha wagonjwa na majeruhi nyuma. Huko Ngomano aliteka ghala la Wareno na kupata bunduki, risasi, dawa na chakula vilivyomwezesha kuendelea kwa mwaka mzima.

Septemba 1918 alirudi katika ardhi ya Tanzania ya leo, akapita kandokando ya ziwa Nyasa na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Habari za kusimamishwa kwa vita Ulaya zilimfikia Novemba 13, siku mbili baada ya vita kwisha. Novemba 25, 1918 alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo.

Waingereza waliorodhesha kila kitu siku hiyo. Walikuwapo Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi, wanawake na watoto kwa maelfu. Palikuwa na bunduki za rashasha, risasi, mzinga mmoja wa Kireno, na bunduki ambazo karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, kwani za Kijerumani zilikuwa zimekwisha njiani. Gavana Schnee alikuwapo pia. Hazina haikuwapo, na askari walikuwa hawajalipwa mishahara yao kwa muda mrefu. Lettow-Vorbeck aliwapa vyeti vya karatasi vilivyoonyesha kwamba serikali ya Ujerumani inawadai, au kwa usahihi zaidi, inadaiwa nao.

Wapagazi hawakupewa hata karatasi hiyo. Kwa upande wa Waingereza pekee, takwimu rasmi zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini idadi halisi inakaribia 100,000. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao. Waliokufa wakibebea upande wa Lettow-Vorbeck hakuna aliyewahesabu.

Machi 1919 aliingia Berlin akiwa juu ya farasi, akishangiliwa kama jemedari pekee wa Ujerumani ambaye hakushindwa. Mwaka huo huo alimwoa Martha Wallroth. Mwaka 1920 alichapisha kumbukumbu zake, na mwaka huo huo akajiingiza katika jaribio la kuipindua serikali lililoongozwa na Wolfgang Kapp. Jaribio lilipovunjika naye alipoteza kazi ya jeshi. Kuanzia mwaka 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wahafidhina wa kizalendo. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1919 jina lake lilipewa kitu kingine kilichotoka katika ardhi ya Tanzania. Mabaki ya dinosaria mdogo yaliyofukuliwa Tendaguru, Lindi, na kupelekwa Berlin kabla ya vita yaliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Hayo yalikuwa mafukuo ya kweli ya Wajerumani: mifupa ya Tendaguru ilisafirishwa Ujerumani kwa mamia ya tani, ikibebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi, na mingi ipo katika makumbusho ya Berlin hadi leo. Hakuna kifaa cha kutambua metali ambacho kingeiona.

Vita vya pili vilimwacha maskini, na inasimuliwa kwamba Smuts, adui yake wa zamani, alikuwa miongoni mwa waliomtumia msaada. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam akiwa mzee wa miaka 83, akakutana na wazee waliokuwa askari wake. Alizungumza nao kwa Kiswahili.

Alifariki Hamburg Machi 9, 1964, miezi mitatu baada ya Zanzibar kupata uhuru na wiki chache kabla ya Muungano. Katika miaka ya karibuni miji na kambi za jeshi za Ujerumani zilizokuwa na jina lake zimelibadilisha, kwa sababu ya Namibia hasa.

Mwaka huo wa 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Ofisa wa benki alikuja Mwanza na fedha, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na vile vyeti vya mwaka 1918. Inasimuliwa kwamba kila asiyekuwa na cheti alipewa ufagio aushike kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya silaha, na kwamba hakuna mzee aliyeshindwa. Malipo hayo yalikuwa ya askari tu. Wapagazi hawakuitwa.